Shajara ya mradi: marejeleo kwa Kiswahili na meza ya uandishi kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu

4 Novemba 2024: Tunapoanzia

Wanafunzi wa mwaka wa tatu katika idara yetu ya Kiswahili, hapa Dodoma, wanaanza ripoti zao za utafiti, nami pamoja na wenzangu wachache wa shahada ya uzamili tumekubali kuratibu msaada wa uandishi. Naandika shajara hii ili idara nyingine iweze kuichukua kazi na kuanzia tulipofika.

Shida ni mbili, na zimeshikana. Ya kwanza ni orodha ya marejeleo. Ripoti inaandikwa kwa Kiswahili kuanzia ikisiri hadi hitimisho, lakini ukifika kurasa za mwisho unakutana na "et al.", "&", "pp.", "n.d." na "Retrieved from", kwa sababu kompyuta ndiyo iliyopanga orodha. Aliyeandika kwa mkono naye ana yake: kitabu kimoja kimetajwa kwa namna tatu ndani ya sura moja. Ya pili ni mahali pa kupata msaada. Msimamizi mmoja ana wanafunzi wengi, mkutubi ana foleni, na nje ya geti kuna steshenari zinazochapa, zinazofunga vitabu, na ambazo ukiuliza kwa sauti ya chini zinakutafutia mtu wa kukuandikia. Mwanafunzi mwenye hofu huishia huko.

Tunataka kutoa vitu viwili: faili la mtindo wa marejeleo linalozungumza Kiswahili, na meza ya kila wiki ambapo mwanafunzi anasaidiwa bila kuandikiwa.

Kabla ya kugusa chochote tulimwendea mkuu wa idara na swali moja: ni mtindo gani hasa unaosahihishwa? Idara inafuata APA, mtindo wa marejeleo wa Chama cha Saikolojia cha Marekani. Toleo la 7 la mwongozo huo lilitoka mwishoni mwa 2019 na liliondoa mji wa uchapishaji. Mwongozo wa idara bado unautaka, kama toleo la 6 lilivyoagiza. Akasema mji ubaki. Jibu hilo limetawala kazi yote iliyofuata. Atakayeiga aanze na swali hilo hilo, na jibu alipate kwa maandishi, maana wasahihishaji wawili wa idara moja wanaweza kuwa na matoleo mawili kichwani.

18 Novemba 2024: Programu

Tumechagua Zotero, programu ya kutunza vyanzo na kupanga marejeleo. Ni ya bure na chanzo chake ni huria. Ilianzishwa mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Inafanya kazi ndani ya Word na LibreOffice. Mitindo yake ni mafaili ya maandishi matupu, kwa hiyo yeyote anaweza kuyafungua na kuyahariri, na kwetu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote.

Kuiweka kwenye kompyuta za maabara kulikwenda vizuri. Kilichokwama ni kwamba wanafunzi wengi hawana laptopu kabisa; utafiti wao wote uko kwenye simu. Mpango uliodhani kila mtu ataweka programu kwenye mashine yake ulikufa siku ya kwanza ya mafunzo.

Tulichofanya badala yake: kila mwanafunzi amefungua akaunti na kujiunga na kundi moja la pamoja, kisha anaingiza vyanzo vyake kwa kivinjari cha simu kupitia tovuti ya Zotero. Kompyuta ya maabara anaihitaji mwishoni tu, anapounganisha marejeleo na maandishi yake. Na kwa asiyependa haya yote, tumeandaa karatasi moja ya mifano, mbele na nyuma: kitabu, sura ya kitabu, makala ya jarida, tasnifu, gazeti, waraka wa serikali. Karatasi hiyo imetumika kuliko kitu kingine chochote tulichotengeneza.

Gharama hadi sasa: bando tulilojichangia la kupakulia programu, na nakala za karatasi ya mifano kwa shilingi 100 kila ukurasa.

2 Desemba 2024: Serikali imepewa jina la ukoo

Wanafunzi wameanza kuingiza vyanzo, na makosa yamejitokeza kwa makundi, jambo ambalo limerahisisha kuyatibu.

Kundi kubwa ni waandishi wasio watu. Mwanafunzi anaandika "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania" kwenye sehemu ya mwandishi, neno la mwisho linakaa kwenye sehemu ya jina la ukoo, na kwenye orodha anatokea bwana mmoja anayeitwa "Tanzania, J. ya M. wa". Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipatwa na hayo hayo. Dawa ipo pembeni ya sehemu ya mwandishi: kuna kitufe kidogo kinachogeuza sehemu mbili, ya jina la ukoo na ya jina la kwanza, kuwa sehemu moja. Ukikibonyeza, jina zima linakaa kama lilivyo. Tumekiwekea picha kwenye karatasi ya mifano na mshale mwekundu.

Pia tumeamua kifupi kimoja kwa kila taasisi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981 chini ya TUKI, yaani hiyo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Taasisi hiyo tangu 2009 imekuwa sehemu ya TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Wapo wanafunzi waliompa TATAKI kitabu cha 1981. Kanuni yetu: andika jina lililochapwa kwenye nakala uliyoishika. Na serikali iwe JMT (Jamhuri ya Muungano wa Tanzania) au URT (United Republic of Tanzania) kulingana na lugha ya waraka wenyewe, si kulingana na alivyozoea msimamizi.

Kundi la pili ni majina ya watu. Shaaban Robert ameingizwa kama "Shaaban, R." na kama "Robert, S." na wanafunzi waliokaa dawati moja. Robert ndilo jina la baba, kwa hiyo ni "Robert, S.". Kaluta Amri Abedi naye ameonekana chini ya A mbili tofauti, Amri na Abedi, tumechagua "Abedi, K. A.". Hapa sitaki kujifanya kwamba kanuni za Wamarekani zinayajua majina yetu. Mswahili wa pwani anaitwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na hakuna mahali lilipoandikwa neno "ukoo". Idara lazima ikae iamue, iandike orodha ya waandishi wanaotajwa mara kwa mara, na ishikilie. Yetu ina majina yanayoenea ukurasa mmoja na imening'inizwa mlangoni mwa maabara.

Nafasi ya kuhifadhi nayo imejaa. Akaunti ya bure ina MB 300, na mafaili ya kundi yanahesabiwa kwa mwenye kundi. Wanafunzi walipandisha vitabu vizima vilivyopigwa picha kurasa zote. GB 2 ni dola 20 kwa mwaka, tumekataa kulipa. Kundi sasa linabeba taarifa za chanzo na kiungo tu, na mafaili yenyewe yako kwenye diski ya nje ya maabara.

13 Januari 2025: Kuufundisha mtindo Kiswahili

Hii ndiyo sehemu iliyotuchukua likizo yote, basi naieleza kwa kirefu.

Mitindo ya Zotero imeandikwa kwa CSL (Citation Style Language), lugha ya kompyuta ya kuelezea mitindo ya marejeleo, ambayo hutumika pia katika programu nyingine za marejeleo. Hazina yake ina mitindo zaidi ya 10,000, na leseni yake inaruhusu mtu kubadilisha na kusambaza mradi ataje chanzo na aendelee kuruhusu wengine. Tulichukua faili la APA, tukalifungua kwa kihariri cha mitindo kilichomo ndani ya Zotero, kinachokuonesha matokeo papo hapo unapobadilisha.

Jambo la kwanza kabisa, kabla ya neno lolote, ni kubadilisha jina la mtindo na kitambulisho chake, ile sehemu inayoitwa id, pamoja na kiungo chake cha self. Usipofanya hivyo, programu itauona mtindo wako kama APA ya kawaida, na siku ya kusasisha itaandika juu ya kazi yako yote. Hilo lilitokea kwenye mashine moja ya maabara, na nakala iliyookolewa ilikuwa kwenye fleshi ya mwenzetu.

Kisha maneno. CSL inahifadhi maneno madogo, kama "et al." na "eds.", katika orodha ya istilahi za kila lugha. Badala ya kutengeneza lugha nzima, unaweza kuweka kipande kiitwacho locale ndani ya mtindo wako, bila kukitajia lugha, na istilahi utakazoandika humo zitashinda zile za kawaida. Tumeweka hivi: et-al ni "na wenzake", and ni "na", no date ni "h.t." (hakuna tarehe), page ni "uk." ikiwa umoja na "kur." ikiwa wingi, editor, yaani mhariri, kwa ufupi ni "Mh." na wingi wake "Wah.", in ni "katika", retrieved ni "imepatikana", from ni "kutoka". Miezi yote kumi na miwili nayo imeandikwa.

Tulitegemea alama ya "&" itatoweka yenyewe baada ya hapo. Haikutoweka. APA inaagiza alama, si neno, na agizo lenyewe limo ndani ya sehemu ya majina: and="symbol". Tulibadilisha kila lilipo likawa and="text", ndipo "na" ikaonekana. Ikaja na mkia: "Juma, A., na Asha, B.", ile koma ya Kiingereza kabla ya "na". Inatawaliwa na delimiter-precedes-last, iliyokuwa always, tukaandika never. Sasa inasomeka "Juma, A. na Asha, B.", kama mtu anavyoandika.

Mji wa uchapishaji tumeurudisha kwa kuongeza publisher-place mbele ya publisher na kuvitenganisha kwa nukta mbili. Ni mistari mitatu tu, lakini inadai kila mwanafunzi ajaze sehemu ya mji, na wengi walikuwa wameiacha wazi.

27 Januari 2025: Toleo la ngapi, na Kioo cha Lugha

Makosa mawili yalibaki, na yote mawili yametokana na muundo wa sentensi, si maneno.

La kwanza: chapa ya tatu ya kitabu ilitoka kama "3rd toleo". Tulikuwa tumebadilisha neno bila kubadilisha mpangilio. Kiingereza hutanguliza namba, Kiswahili husema "Toleo la 3". Ilibidi kuingia ndani ya sehemu inayoshughulikia edition, kuhamisha lebo iende mbele ya namba, kuifanya lebo iwe "Toleo la", na kuondoa agizo la ordinal ili namba ibaki namba. Mwanafunzi naye ajaze tarakimu tupu, 3. Aliyejaza "Toleo la Tatu" kwa maneno programu inamwachia kama alivyoandika, na orodha inakosa ulinganifu.

La pili lilitusumbua zaidi kwa sababu halikuonekana kwa kila mtu. Jarida la Kioo cha Lugha lilikuwa linatoka "Kioo Cha Lugha", lenye C kubwa, kwa baadhi ya wanafunzi tu. Faili lilikuwa lile lile, mashine zile zile. Tofauti ilikuwa kwenye sehemu moja ambayo karibu hakuna anayeijaza: lugha ya chanzo. Ikiwa wazi, programu inadhani chanzo ni cha Kiingereza na kukuza herufi za mwanzo za jina la jarida, isipokuwa maneno madogo ya Kiingereza inayoyajua. "Cha", "ya" na "wa" haiyajui. Ukiandika sw, kifupi cha Kiswahili, kwenye sehemu ya lugha, inaacha jina kama ulivyoliandika. Tumepita kwenye kundi zima na kujaza sw kila panapostahili.

Kuna pia maneno ya Kiingereza ambayo hayamo kwenye istilahi bali yameandikwa moja kwa moja ndani ya mtindo, kama "Original work published". Hayo hayatibiwi na locale. Lazima uyatafute kwa jicho na kuyabadilisha. Letu sasa ni "Chapa ya kwanza". Hili lina umuhimu mkubwa kwa wanaoandika kuhusu fasihi. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mara ya kwanza 1951. Mwanafunzi akiweka mwaka wa nakala aliyoinunua, msomaji anaambiwa kwamba mtu aliyefariki 1962 alikuwa bado anatoa vitabu miongo baadaye, na hoja yoyote inayohusu wakati wa ukoloni inayumba. Kwenye sehemu ya Extra andika "Original Date: 1951", na katika matini miaka yote miwili itatokea ikitenganishwa na mkwaju.

Gharama ya hatua hii: hakuna fedha iliyotoka, ila muda ni mwingi.

24 Februari 2025: Vyanzo vyenyewe

Mtindo mzuri haufai kitu bila chanzo. Kwa wanaotafuta, hivi ndivyo vilivyozaa matunda kwetu. Majarida ya Afrika yako kwenye tovuti ya African Journals Online, na mengi yanasomeka bure. Jarida la Swahili Forum liko wazi lote. JSTOR, hazina ya majarida ya mtandaoni, inampa mtu aliyejiandikisha makala 100 za kusoma mtandaoni kila mwezi bila malipo, jambo ambalo wengi hawakulijua. Hazina ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ina tasnifu nyingi, zikiwemo zilizoandikwa kwa Kiswahili, na orodha za marejeleo za tasnifu hizo ni ramani nzuri ya kuanzia. Maktaba ikiwa imejiunga na Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zinazoendelea majarida bure au kwa bei nafuu, mwombe mkutubi nywila; ipo kwa ajili yako.

Kuingiza kitabu kwa ISBN, namba ya kimataifa ya utambulisho wa kitabu, kunafanya kazi vizuri kwa vitabu vya ng'ambo. Kwa namba za Tanzania, zinazoanza na 9976 au 9987, mara nyingi programu ilirudi mikono mitupu, na vitabu vya kabla ya 1970 havina ISBN kabisa. Hivyo viingizwe kwa mkono.

Matoleo ya zamani ya majarida yapo kwenye karatasi tu. Mwenzetu aliyekwenda Dar es Salaam alipitia mkusanyo wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu na kurudi na picha nyingi za simu, nyingine zikiwa za kurasa nzuri zisizojulikana zimetoka toleo gani. Tangu hapo agizo letu ni picha tatu kwa kila chanzo: jalada, ukurasa wenye taarifa za uchapishaji, na ukurasa unaonukuliwa ukiwa na namba yake ndani ya picha. Nauli ya basi kurudi kutafuta namba ya ukurasa ni ghali kuliko picha mbili.

17 Machi 2025: Meza ya uandishi

Meza imeanza, kila Jumamosi asubuhi, katika chumba kidogo cha maktaba. Wasaidizi ni sisi wa uzamili na wahitimu wawili wanaofundisha sekondari hapa mjini.

Majuma ya mwanzo hayakwenda tulivyotaka. Meza iligeuka kuwa foleni ya kusahihishiwa. Mwanafunzi anaweka kurasa zake, anakaa na simu, msaidizi anakata na kuandika juu. Mwanafunzi anaondoka na kazi iliyo bora kuliko yeye mwenyewe. Wasimamizi wawili waliuliza, na kwa haki kabisa, ni nani anayeandika ripoti hizi.

Tulibadilisha utaratibu. Mwenye kazi ndiye anayeishika kalamu. Anasoma aya yake kwa sauti, na msaidizi haangalii karatasi, anasikiliza. Maswali ni machache na yanarudiwa hadi yachoshe: Unadai nini hapa? Umejuaje? Hili umelitoa wapi? Kusoma kwa sauti kulifanya kazi ambayo wino mwekundu haukuifanya, maana mtu husikia mwenyewe mahali sentensi yake inapokata pumzi. Mwisho wa kikao inajazwa karatasi fupi: tumezungumza nini, mwanafunzi atafanya nini. Nakala moja inakwenda kwa msimamizi. Shaka ikaisha, na msimamizi mmoja kati ya wale wawili sasa ndiye anayetuletea wanafunzi wengi zaidi.

Naandika na hili, kwa ruhusa ya mhusika. Dada mmoja alikuja na sura ya pili iliyokamilika, safi, kurasa zaidi ya ishirini, akitaka tu kupangiwa marejeleo. Nilimwomba aniambie kidogo kuhusu chanzo cha kwanza. Alinyamaza, kisha akasema, "Kaka, mimi hivi sijavisoma. Nilimlipa mtu." Alikuwa amelipa fedha aliyotumiwa na mama yake kwa ajili ya chumba. Hatukumhubiria. Tulichukua sura hiyo na kuvitafuta vyanzo vyake pamoja naye, kimoja kimoja. Baadhi havikuwepo duniani. Vilivyokuwepo vilikuwa vinne, tukamwambia aanze na hivyo vinne, avisome, na aandike kurasa sita zake mwenyewe. Alirudi na tano. Zilikuwa na makosa ya kutosha, na kila hoja iliyokuwemo aliweza kuitetea.

Biashara hii ya kuandikiana si ya hapa peke yake. Kenya kuna vijana wengi wasomi wanaoishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Ulaya na Marekani, na England sheria ya 2022 imefanya kuuza huduma hiyo kuwa kosa la jinai. Lakini naamini adhabu haitamfikia mwanafunzi kabla ya hofu yake. Anakwenda steshenari kwa sababu hapo anakaribishwa, anaambiwa bei, na anapewa tarehe. Meza inayotaka kushindana na hapo lazima nayo ifunguliwe kwa saa ile ile kila wiki, na mtu akifika amkute mtu.

Gharama: karatasi za kumbukumbu, na chai. Chumba tulipewa bure.

14 Aprili 2025: Marejeleo ya kubuni

Tangu tulipogundua vile vyanzo visivyokuwepo, tumekuwa makini na orodha zinazotoka kwenye programu za akili unde. Unaiuliza ikupe makala kuhusu methali za Kiswahili na jinsia, inakupa kumi, zenye majina ya wasomi wa kweli, majarida ya kweli, juzuu na kurasa. Jarida lipo, mwandishi yupo, makala haipo. Mtu aliyechoka usiku hawezi kutofautisha kwa macho.

Jaribio la kwanza lilikuwa kutafuta kichwa cha makala kwenye Google Scholar. Halikutosha. Baadhi ya vichwa vya kubuni vilitokea, kwa sababu kuna kazi ambazo zimekwisha kuvinukuu. Sasa tunafuata njia hii. Kama kuna DOI, namba ya kudumu ya utambulisho wa makala mtandaoni ambayo daima huanza na 10., ibandike kwenye tovuti ya doi.org, ikifunguka makala nyingine au isifunguke kabisa, chanzo kinaondolewa. Kama hakuna DOI, na majarida yetu mengi ya zamani hayana, fungua yaliyomo ya toleo lile la jarida uangalie ukurasa unaotajwa. Kama huwezi kuyapata yaliyomo, chanzo hakiingii. Na hata kikipatikana, usiponukuu ukurasa uliousoma wewe, hakijawa chako.

Hatujawakataza kutumia programu hizo. Kwa kutafuta maneno mengine ya utafutaji, hasa ya Kiingereza, zinasaidia. Kilichokatazwa ni kuhamisha rejeleo kutoka kwenye mazungumzo kwenda kwenye orodha bila kupitia chanzo chenyewe.

12 Mei 2025: Asilimia na tafsiri

Ripoti za ufanano, zinazotolewa na programu inayolinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi ya wengine, zimeanza kutoka na watu wamechanganyikiwa. Mmoja alipata asilimia kubwa, akakaa usiku kucha akibadilisha "aidha" kuwa "vilevile" na "hivyo" kuwa "kwa hiyo". Tulipofungua ripoti, sehemu kubwa ya ufanano ilikuwa orodha yake ya marejeleo, ambayo kwa kawaida lazima ifanane na za wengine. Kichujio cha kuondoa marejeleo hakikuwa kimewashwa. Mwombe anayeendesha programu akiwashe, kisha isome ripoti kwa rangi zake, si kwa namba ya juu.

Kinyume chake kinaniumiza zaidi. Kuna ripoti zenye asilimia ndogo kabisa ambazo aya zake zimetafsiriwa mstari kwa mstari kutoka makala ya Kiingereza bila kumtaja mtu. Mashine ilizipitisha. Wanafunzi wengi hawakujua kwamba hilo ni tatizo. Wanaona kwamba tafsiri ni jasho lao. Ni jasho lao kweli, na ni vema wakatajwa kwa jasho hilo: andika "tafsiri yangu" baada ya nukuu, pamoja na mwandishi, mwaka na ukurasa. Baada ya kuelezwa hivyo, waliofanya tafsiri nzuri walifurahi kuona wana mahali pa kuionesha.

23 Juni 2025: Baada ya makabidhiano

Ripoti zimekabidhiwa. Wasahihishaji wamerudisha maoni machache juu ya marejeleo kuliko mwaka jana, kwa maelezo yao wenyewe, na mengi ya yaliyorudi yanahusu mahojiano.

Hapo ndipo kazi iliyobaki ilipo. APA haiyaingizi kwenye orodha mahojiano ambayo mtafiti ameyafanya mwenyewe: yanaelezwa ndani ya matini tu. Kwa anayetafiti mashairi ya mdomoni kule Kondoa, maana yake ni kwamba bibi aliyemwimbia nyimbo zote za sura ya nne hatokei popote mwishoni, huku mwandishi aliyetajwa mara moja kwenye utangulizi yupo. Sikubaliani na hilo. Mwongozo wa toleo la 7 una nafasi ya mapokeo simulizi ya jamii za asili yaliyorekodiwa, na tunapendekeza idara iitumie nafasi hiyo: mkanda wa sauti uhifadhiwe maktabani, upewe namba, na mhojiwa aliyekubali jina lake litumike aingie kwenye orodha kwa jina, mahali na tarehe. Pendekezo liko mezani kwa idara. Faili lina aina ya chanzo tuliyoiandaa tayari kwa kutumia Interview ya Zotero, lakini tumeizima hadi jibu litoke.

Fedha yote iliyotumika, ukitoa nauli ya Dar es Salaam ambayo mwenzetu alijilipia, haikufika bei ambayo yule dada alimlipa mwandishi wake kwa sura moja.

Anayelitaka faili achukue nakala, abadilishe jina na kitambulisho kwanza, kisha aulize idara yake kuhusu mji wa uchapishaji. Kama hamuutaki, futeni ile mistari mitatu ya publisher-place, vilivyobaki havitaharibika. Meza inafunguliwa tena Novemba, Jumamosi ile ile.